Maksai Wawili na Nyumba ya Jirani

Watu wa Mbugani walimcheka Anyitike kwa jambo moja: alilala na mpunga. Si utani. Chumba alichopanga kwa Bi Halima kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, sanduku la nguo, na magunia. Magunia ukutani, magunia nyuma ya mlango, magunia mpaka chini ya kitanda. Mumewe Aliko, aliyekuwa dereva wa lori, akirudi safari ilibidi aingie kiubavu, na usiku akigeuka tu, goti lake linagonga gunia.

"Hivi hapa nimempangisha nani?" Bi Halima alikuwa akiuliza, mikono kiunoni. "Maana naona mpunga una nafasi kubwa kuliko wewe, na kodi unalipa wewe."

Anyitike alicheka naye, lakini moyoni alijua anachokifanya. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara ya mpunga ilikuwa imefunguliwa, malori yanatoka Dar na Mbeya kuja kununua, kila mwenye mzani amekuwa tajiri. Ila shilingi nayo ilikuwa ya ajabu. Leo ukiiweka kwenye kopo, mwakani ukilifungua unaikuta yote, haijapungua hata moja, na hainunui kitu. Kwa hiyo Anyitike hakuweka shilingi. Mwezi wa saba, wakulima wakitaka hela za sare za shule, alinunua mpunga. Akaulalia. Masika yakifika, barabara zimeoza na mchele umepanda bei, akauza. Mshahara wa Aliko nao haukuwekwa kwenye kopo. Ulikuwa unakula majani huko Busale kwa baba yake, una miguu minane na pembe nne. Maksai wawili, wanono, kila mtu anawasifu.

Yote hayo kwa ajili ya nyumba. Na si nyumba yoyote, jamani. Nyumba ya pili kutoka hapo, ng'ambo ya uzio wa matete: ya Mzee Zubery, mfanyabiashara wa nguo aliyekuja Kyela kijana kutoka Tanga na sasa anataka kurudi kwao akazeeke. Matofali ya kuchoma, bati lisilo na kutu, vyumba vinne, na msingi mrefu ambao hata mwaka ule mji ulipogeuka ziwa maji yaliuzunguka yakakata tamaa. Miaka mitatu Anyitike alikuwa akifua nguo huku anaitazama. Alishajua kitanda kitakaa wapi. Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, na kwa Bi Halima mtoto angezaliwa akalazwe wapi? Juu ya gunia?

Mzee Zubery alisema laki sita, wala hapunguzi. Magunia yakauzwa yote, chumba kikabaki kitupu mpaka sauti inarudi. Zikapatikana laki tano. Laki iliyobaki ilikuwa Busale, inacheua.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Jumanne jioni Mzee Zubery akaja kwenye uzio, amevaa msuli na fulana, uso wa mtu mwenye habari asiyotaka kuitoa.

"Mwanangu, nisikilize. Kuna bwana mmoja wa Mbeya, Ambrose, anauza sementi. Ameiona nyumba, anaitaka iwe stoo. Hela anayo taslimu."

"Mzee! Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, sikatai. Ndiyo maana nimekuja. Mke wangu ameshatangulia Tanga na vyombo, mimi hapa nimebaki na kiti kimoja na birika. Nakupa mpaka Ijumaa. Nikitoka msikitini, atakayekuwa na hela mkononi ndiye mwenye nyumba. Nisiwe na deni la lawama."

Na Aliko je? Aliko alikuwa Makambako. Lori limekufa, wanasubiri gia boksi kutoka Dar, na dereva mwenzake aliyepita alileta neno moja tu: fanya uwezavyo.

Fanya uwezavyo! Wanaume bwana. Kama kufanya uwezavyo kungekuwa kupika au kuuza, sawa. Lakini maksai walikuwa chini ya mkono wa Mzee Hezroni, baba mkwe wake, na Mzee Hezroni alikuwa mtu wa zamani. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani uso kwa uso, hawakai chini ya paa moja, wakikutana njiani mwanamke anaingia porini mpaka mzee apite. Wengi walikuwa wameshaacha. Mchungaji wao alishalisema jambo hilo kanisani, akasema ni la kale na limepitwa. Mzee Hezroni akaitikia amina kwa sauti, akarudi nyumbani kuendelea nalo. Miaka mitatu ya ndoa, Anyitike alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi na kwa kofia. Uso hakuujua. Mambo yote yalipitia kwa mama mkwe, na wiki hiyo, kwa bahati mbaya, mama mkwe alikuwa Ikolo msibani kwa dada yake.

"Basi nenda tu kamwambie," alisema Bi Halima, ambaye kwao hakukuwa na mambo hayo. "Baba wa watu atakula?"

"Hutaelewa, mama."

"Sielewi kweli. Lakini nyumba unaitaka au huitaki?"

Anaitaka! Alikuwa anaitaka mpaka usingizi umekimbia. Jumatano asubuhi akapanda gari la mpunga mpaka Busale, akashuka, akajifunika khanga mpaka machoni, akaingia migombani nyuma ya boma la wakwe zake na kupiga kikohozi cha adabu.

Kule zizini, kofia ikashtuka. Mzee Hezroni aligeuka papo hapo akawapa migomba mgongo, akakaa juu ya gogo na kuwatazama ng'ombe. Anyitike naye akageuka. Sasa wako hapo, watu wawili wazima, kila mmoja anaangalia kwake, hakuna wa kupeleka neno.

Mwishowe mzee akamgeukia maksai aliyekuwa karibu. "Wewe Sultani," akamwambia, "muulize mgeni, huko atokako wazima?"

Anyitike alibana kicheko. "Sultani, mwambie wazima, ndaga, tunashukuru. Namwamkia."

"Sultani, mwambie nimeitikia. Muulize mwenye mke yuko wapi."

"Mwambie gari limemfia Makambako. Na amesema nifanye niwezavyo."

Sultani alitafuna tu. Basi kupitia kwake Anyitike akaeleza yote: Mzee Zubery, bwana wa sementi, Ijumaa, laki moja iliyopungua. Hakuficha kitu. Alipofika kwenye sehemu ya kuuza maksai, mzee akamkuna ng'ombe yule shingoni.

"Unasikia, Sultani? Wewe ndiye umepeleka maneno, na maneno yenyewe ni ya kukuuza." Akacheka peke yake, halafu kicheko kikakatika. "Mwambie ng'ombe ni wa mwanangu, siwezi kumzuia. Ila mimi niliwatunza, na siuzi ng'ombe kununua nyumba ambayo sijaiona. Nyumba za mjini nazijua. Mvua mbili, ukuta unapiga magoti. Na kwenda kuiona siwezi, maana mkwe haingii kwa mkwe. Basi, maneno yameisha."

Kumbe yote, magunia, panya, goti la Aliko, yanakuja kuishia hapa, kwenye migomba! Anyitike akataka kulia. Halafu hasira ikamjia, na hasira ikamfungua akili.

"Sultani, mwambie hivi," akasema, sauti imepanda kidogo. "Leo nyumba ile si yangu. Ni ya Mzee Zubery. Mpaka hela ipite mkono, itabaki ya Mzee Zubery, na kwa Mzee Zubery mtu yeyote anakaribishwa. Hata yeye."

Kofia haikutikisika. Anyitike akaanza kujilaumu kwamba amevuka mipaka. Kisha mzee akacheka, safari hii kicheko cha kweli, cha tumboni, mpaka akakohoa.

"Sultani," akasema, "huyu mtu wamemlea wapi? Mwambie Ijumaa nakuja. Na wewe unakuja."

Ijumaa Anyitike aliamka na giza, akazikunja laki tano kwenye khanga, akazifunga kiunoni juu ya mimba, akakaa nyuma ya uzio wa matete. Saa mbili, hakuna mtu. Saa tatu, hakuna. Dulla, mwenye bucha, aliyeitwa kununua maksai, alikuwa ameshafika na baiskeli yake na kulala kibarazani. Mjumbe wa nyumba kumi, shahidi wa mauziano, ameshapiga miayo mpaka machozi. Saa tano ndipo maksai wawili walipotokea barabarani, wana tope mpaka tumboni kwa kuvuka mto, na nyuma yao kofia.

"Ugonile!" Mzee Hezroni akamsalimu Mzee Zubery. "Nimekuja kuitazama nyumba yako."

"Karibu, mzee mwenzangu, karibu sana. Hiki kiti, ndicho nilichobaki nacho."

Kwenye uzio, Anyitike hakutazama, alisikiliza. Bi Halima ndiye aliyetazama kwa niaba yake, jicho kwenye tundu la matete, anatangaza kama mpira. "Anagonga ukuta. Anagonga tena. Anauliza maji yaliishia wapi mwaka wa mafuriko. Zubery anamwonyesha. Ameinama anakwangua msingi kwa kucha. Ee, ameridhika, ametikisa kichwa vizuri!"

"Basi anatoka?"

"Hatoki. Amekaa. Zubery anammiminia kahawa."

Kahawa moja, si mbaya. Mgeni ametembea. Lakini kahawa ilipoisha, mzee hakuinuka kwenda kwa Dulla. Alibeba kiti akahamia chumba cha pili. Akakaa humo. Akaomba kikombe kingine. Adhana ikalia, Mzee Zubery akavaa kanzu akaenda msikitini, na mzee akabeba kiti akahamia chumba cha tatu, mjumbe akimfuata nyuma kwa kukosa la kufanya. Dulla akachungulia akauliza vipi, tunauza hatuuzi? Akaambiwa subiri.

"Anafanya nini?" Anyitike alinong'ona.

"Amekaa tu. Anatazama dari."

Hapo Anyitike akashikwa na hasira ambayo hakuwahi kuihisi kwa mtu mzima. Akaona amemgundua. Si mzee huyu aliyewahi kuwakatia kiwanja kule Busale, nyuma ya migomba yake, akitaka Aliko ajenge hapo? Si alinuna mwaka mzima walipokataa? Sasa amekuja na maksai, amekuja na adabu zake, anakunywa kahawa ya watu mpaka saa ipite! Kisha atasema, aa, bahati haikuwepo, rudini nyumbani.

"Ananiua, Bi Halima," akasema, machozi yanamtoka. "Ananiua kwa kukaa kwenye kiti."

Na kweli, msikiti ulipotoka, gari dogo jekundu likakata kona na kusimama mbele ya nyumba. Akashuka Ambrose, bwana wa sementi, shati jeupe, begi kwapani. Mzee Zubery naye anatokea upande wa pili na kanzu yake. Ambrose hakupoteza muda. Akafungua begi juu ya boneti.

"Mzee Zubery, Ijumaa ndiyo hii."

"Ndiyo hii," alisema Mzee Zubery, akageuka kutazama mlango. Mlangoni hakukuwa na mtu. Mzee Hezroni alikuwa ameshafika chumba cha nne, cha nyuma, kile ambacho dirisha lake linatazama uzio wa Bi Halima.

"Sasa basi!" Bi Halima akajifunga khanga. "Mimi si mkwe wake. Nampigia kelele atoke." Akafungua mdomo.

Ndipo dirishani, hatua chache tu kutoka pale walipo, wakasikia sauti ya mzee. Alikuwa akisema na mjumbe, taratibu, bila haraka yoyote.

"Usinichoke, ndugu yangu. Hela ikishapita, mimi humu siingii tena mpaka naingia kaburini. Kwa hiyo nakaa kila chumba kidogo. Nikiwa Busale nikiambiwa wanakula, nijue wamekaa wapi. Nikiambiwa mjukuu ana homa, nijue amelazwa wapi, na dirisha liko upande gani. Mtu huwezi kumuwaza mwanao kama hujui yuko kwenye chumba cha namna gani."

Mkono wa Anyitike ulikuwa umeshamdaka Bi Halima.

"Mwache," akasema.

"Nyumba inaondoka, mwanangu! Yule anahesabu!"

"Najua. Mwache amalize."

Na alijua kweli. Aliitaka nyumba ile kuliko kitu chochote duniani, na alijiona mwendawazimu. Lakini alijua pia kwamba akimtoa mzee kwenye kiti kile kwa kelele, nyumba ataipata na hataweza kulala ndani yake.

Mzee Zubery alikuwa ameingia kumtafuta mgeni wake. Akachelewa. Alipotoka tena kibarazani alikuwa anapangusa uso kwa ncha ya kanzu.

"Bwana Ambrose, subiri kidogo. Kuna mtu anakaa ndani."

"Anakaa vipi? Si nyumba inauzwa?"

"Anakaa. Akimaliza kukaa, nitamuuzia."

"Mzee, naongeza elfu hamsini."

"Ongeza hata laki," alisema Mzee Zubery, na kwa mfanyabiashara yule neno hilo lilimtoka kwa tabu. "Nyumba hii nimeijenga mimi. Watoto wangu watano wamezaliwa humu. Leo nimemkuta mtu anaiaga, naye hajawahi hata kulala ndani. Wewe utaweka sementi. Nenda salama, ndugu yangu, tusamehane."

Ambrose aliwatazama wote akaona amefika mahali ambapo watu wamerukwa na akili, akafunga begi, akaondoka na vumbi lake.

Mzee Hezroni alitoka wakati wake. Akakirudisha kiti sebuleni, akaenda kwa Dulla wakavutana bei kama watu wenye siku nzima, mpaka Dulla akasema basi, chukua, umenishinda. Laki ikafika mkononi mwa Mzee Zubery. Bi Halima akapeleka laki tano za Anyitike. Mjumbe akaandika, wakatia sahihi, Anyitike akaletewa karatasi nyuma ya uzio akatia yake. Mzee, muda wote huo, alikuwa ameshasimama barabarani.

"Haya, mambo yameisha!" Mzee Zubery alikuwa amefurahi mpaka amejisahau. "Bi Halima ametuletea pilau. Mzee mwenzangu, karibu ndani tule."

Mzee Hezroni akacheka. "Zubery, nyumba si yako tena. Unanikaribisha kama nani?" Akavuta kofia vizuri. "Na mwenyewe hawezi kunikaribisha. Ndaga fijo, asanteni sana. Mimi nimeshatoka."

Dulla na mjumbe wakacheka pia, maana mzee mwenyewe alicheka. Anyitike hakucheka. Lilimchoma. Mtu ametoa maksai wawili aliowatunza, ametembea na tope tangu alfajiri, halafu aondoke na njaa kwenye nyumba ya mwanawe? Siku ya kwanza?

"Bi Halima," akasema, "chukua mkeka. Utandike huku uchochoroni, nje, ukutani kabisa, chini ya dirisha la chumba cha nyuma. Mwambie mzee chakula chake kiko pale. Dulla akae naye."

"Na wewe?"

"Mimi nazunguka mbele."

Akazunguka, uso kaufunika, akapanda ngazi, akaingia kwenye nyumba yake kwa mara ya kwanza. Hakutazama sebule. Hakutazama dari. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma na sahani yake ya pilau, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mimba imemjaa mapajani. Miiko ilikataza paa moja. Kuhusu ukuta mmoja haikusema kitu.

Akasikia mkeka ukikwaruza. Akasikia mtu mzima akishuka chini kwa kuguna, na mgongo ukiegemea matofali yale yale kwa upande wa pili. Mzee akasali kwa sauti ya chini. Anyitike akafumba macho naye, akaitikia amina kimoyomoyo, kisha wakaanza kula, huyu nje na huyu ndani, na mtoto tumboni akapiga teke.

Mzee alikula matonge mawili matatu. Akakohoa.

"Dulla," akasema kwa sauti ya kutosha kupita dirishani, "pilau nzuri. Ila nani ana chumvi?"

Kule uani Bi Halima akaguna, chumvi gani, pilau yake imekosa nini? Lakini Anyitike alijua anayeombwa ni mwenye nyumba, na alikuwa ameshainuka mbio kuitafuta, akafika katikati ya jiko lililo tupu, akasimama. Nyumba anayo. Chumvi hana. Akatoka nje huku anacheka na machozi yanamtiririka, kwenda kuiazima kwa Bi Halima.